Neno ‘i7’ kwenye kompyuta halitoshi kukwambia unanunua nini

JANUARI 2017 kampuni ya Intel ya Marekani iliingiza sokoni prosesa ya kompyuta za mezani iitwayo Core i7-7700. Ilikuwa na viini vinne, kila kiini kikiendesha nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja, na mapigo ya gigahezi 3.6 yaliyoweza kupanda hadi 4.2. Bei yake ilikuwa takriban dola 300 za Marekani.

Mwaka 2020 kampuni hiyo hiyo ikatoa prosesa nyingine, Core i3-10100. Hiyo nayo ina viini vinne na nyuzi nane, na mapigo yake ni gigahezi 3.6 yanayopanda hadi 4.3. Bei yake ilikuwa dola 122.

Msomaji ataona mwenyewe kwamba hizi ni karibu kitu kimoja. Zote mbili zimetengenezwa kwa teknolojia ile ile ya nanomita 14, na muundo wa viini vyake ni mmoja. Tofauti ya maana ni kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa: ya kwanza ina megabaiti nane, ya pili sita. Kazi haikubadilika. Kilichobadilika ni cheo, kilichoshuka kutoka i7 hadi i3, na bei, iliyopungua kwa zaidi ya nusu.

Sasa nenda kwenye maduka yanayouza kompyuta zilizotumika, iwe Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo, Dar es Salaam. Mashine nyingi humo ni zile zilizomaliza muda wake katika ofisi za Ulaya na Marekani. Muuzaji atakwambia, “Hii ni i7, mzee,” na kwa wengi mjadala wa bei unaishia hapo. Karani anayetafuta mashine ya kuandikia barua, mwenye stesheni anayetaka kuchapa kadi za harusi, na mwalimu mkuu aliyetumwa na kamati ya shule kununua kompyuta 20 za maabara, wote wanalipia herufi moja na tarakimu moja.

Lakini i7 ya kwanza ilitoka Novemba 2008. Jina hilo liliendelea kutumika kwa miaka 15 na zaidi. Core i7-2600 ya mwaka 2011 ina viini vinne. Core i7-14700 ya mwaka 2024 ina viini 20. Zote ni “i7”, na zote kibandiko chake ni cha buluu.

Cheo ni cha darasa lake

Kosa linaanzia pale tunapodhani kwamba i3, i5, i7 na i9 ni vipimo, kama kilo au lita. Si vipimo. Ni nafasi za wanafunzi ndani ya darasa moja la mwaka mmoja. Wa kwanza wa darasa la nne hawezi kulinganishwa na wa tatu wa kidato cha tatu kwa kutazama nafasi zao tu. Lazima uulize ni darasa gani.

Darasa limeandikwa kwenye nambari inayofuata. Ondoa tarakimu tatu za mwisho, zinazobaki ndizo kizazi. Core i5-8400 ni kizazi cha 8. Core i5-12400 ni kizazi cha 12. Core i7-2600 ni kizazi cha 2, hata kama mashine imepigwa msasa ikang’aa. Zile tarakimu tatu za mwisho zinaonyesha nafasi ya prosesa miongoni mwa wenzake wa kizazi hicho: 600 iko juu ya 400.

Kwa AMD, mshindani mkubwa wa Intel, mpango unafanana. Ryzen 5 5600X ni daraja la 5 katika mfululizo wa 5000. Ila AMD nao wana mitego yao. Ryzen 5 3600 na Ryzen 5 3400G zina majina ya ndugu wa tumbo moja, lakini ya kwanza ina viini sita vya nanomita 7, na ya pili ina viini vinne vya muundo wa zamani zaidi wa nanomita 12. Ile herufi G mwishoni huonyesha kuwa prosesa ina uwezo wa picha ndani yake, na katika mfululizo huo ilimaanisha pia kwamba umerudishwa kizazi kimoja nyuma. Hilo halisemwi kwenye boksi.

Kwa nini i3 ya 2020 iwe sawa na i7 ya 2017? Sababu ni ushindani. Kwa karibu miaka tisa Intel iliziacha i7 za kawaida za mezani zikiwa na viini vinne, kwa kuwa hapakuwa na wa kuibughudhi. Machi 2017 AMD ikaleta Ryzen 7 yenye viini vinane kwa bei iliyowatikisa. Kabla mwaka haujaisha, Intel ilitoa kizazi cha 8: i7 ikapata viini sita, na i3, ambayo miaka yote ilikuwa na viini viwili, ikapata vinne. Aliyekuwa amenunua i5-7500 mwanzoni mwa mwaka huo aliona i3-8100 ikitoka Oktoba ikiwa karibu sawa na yake, kwa bei ya chini zaidi.

Viini vingi si lazima viwe kasi

Kiini ndicho kinachofanya hesabu. Mafundi wengine hukiita kore. Prosesa yenye viini sita ni kama jiko la shughuli lenye wapishi sita. Kama kuna masufuria sita ya kupika, kazi itakwenda mbio. Kama kuna sufuria moja tu la pilau, wapishi watano watakaa wakipiga soga huku mmoja akikoroga.

Programu nyingi za ofisini ni hilo sufuria moja. Kuandika barua, kufungua jedwali la mahesabu ya kawaida au kutuma maombi ya kazi mtandaoni hakuhitaji viini 16. Kuhariri video, kuchora majengo kwa vipimo vitatu au kuendesha mashine kadhaa za kidijitali ndani ya moja kunavihitaji. Kwa hiyo mwenye studio ya video za harusi ana haki ya kuhesabu viini kabla ya kulipa, ila mhasibu wa saccos anaweza kabisa kupata mashine nzuri zaidi yenye viini vichache vya kizazi kipya.

Halafu kuna jambo lililoanza mwishoni mwa 2021, katika kizazi cha 12 cha Intel. Tangu hapo viini si vya aina moja tena. Vipo vikubwa, vya kazi nzito, na vidogo, vinavyokula umeme kidogo. Core i5-12400 ina viini sita, vyote vikubwa. Core i5-13400 iliyofuata inatangazwa kuwa na viini 10, na hapo mnunuzi hudhani ameongezewa karibu maradufu. Kumbe vikubwa ni vile vile sita, na vinne vilivyoongezwa ni vidogo. Havikosi faida, lakini ndoo sita na vikombe vinne si ndoo kumi.

Mapigo, na aliyepiga magoti

Kipimo cha pili ni mapigo, yanayohesabiwa kwa gigahezi. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde, na katika kila pigo prosesa hupiga hatua katika kazi yake. Kipimo hiki ndicho kilichowahi kuuza kompyuta kuliko kingine chochote.

Machi 2000 AMD na Intel zilifikia gigahezi moja zikiwa zimepishana kwa siku mbili tu, AMD ikitangulia. Novemba mwaka huo Intel ikaleta Pentium 4 ya gigahezi 1.4 na 1.5. Muundo wake ulikuwa umetengenezwa makusudi upige mapigo mengi: kila kazi iligawanywa vipande vidogo zaidi, hatua zikawa nyingi na fupi. Namba kwenye tangazo ikapanda, ila kazi iliyomalizika katika kila pigo ikapungua. Kwa baadhi ya kazi Pentium III ya gigahezi moja ilikuwa inaipita Pentium 4 mpya.

AMD, ambao prosesa zao zilifanya zaidi kwa mapigo machache, walijikuta wakionekana wanyonge madukani. Oktoba 2001 wakaamua kuficha mapigo. Athlon XP ya gigahezi 1.33 wakaiita 1500+, maana yake ikiwa kwamba inafanya kazi ya mashine yenye mapigo mengi zaidi. Desturi ya kuzipa prosesa nambari zisizo kipimo cha chochote ilipata nguvu hapo, na Intel wenyewe waliifuata baadaye.

Mbio za mapigo ziligonga ukuta wa joto. Intel iliahidi kufika gigahezi 4, kisha Oktoba 2004 ikaifuta ahadi hiyo na kuishia 3.8. Mkuu wa kampuni wakati huo, Craig Barrett, alipanda jukwaani kwenye mkutano wa wataalamu wa teknolojia na, nusu kwa mzaha, akapiga magoti kuomba radhi. Julai 2006 ikaja Core 2 Duo. Ile ya gigahezi 2.4 iliziacha nyuma Pentium zilizokuwa zikipiga zaidi ya 3.

Kwa hiyo gigahezi hulinganishwa ndani ya kizazi kimoja tu. Pia tazama namba mbili, si moja: ya msingi na ya juu kabisa. Ile ya juu hufikiwa kwa muda, kiini kimoja au viwili vikiwa kazini na joto likiruhusu. Mashine iliyojaa vumbi, katika chumba cha mabati mchana wa Mombasa, haitaifikia mara kwa mara.

Ukuta wa joto haujaondoka. Januari 2023 Intel ilitoa i9-13900KS iliyofika gigahezi 6. Mwaka uliofuata malalamiko yakawa mengi kwamba prosesa za juu za kizazi cha 13 na cha 14 zinazima programu ovyo na kuharibika. Kampuni ilikiri kwamba zilikuwa zikipewa volteji kupita kiasi, ikatoa marekebisho ya programu na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Anayenunua i7 au i9 ya vizazi hivyo ikiwa imetumika aulize kama programu ya ubao mkuu imesasishwa.

Chekeche la kiwandani

Kipimo cha tatu, utengenezaji, ndicho kinachozungumzwa kidogo kuliko vyote, na kwa maoni yangu ndicho kinachoeleza mengi zaidi.

Wakulima wa chai kutoka Kericho hadi Rwanda na Burundi wanajua jinsi chai inavyopangwa. Majani ya shamba moja huingia kiwandani pamoja, yakishakatwa na kukaushwa hupita kwenye chekeche, na upande wa pili hutoka BP1, PF1, PD na D1. Mnadani Mombasa kila moja ina bei yake. Mche ulikuwa mmoja.

Prosesa nazo huzaliwa hivyo. Kiwanda huchukua sahani ya silikoni yenye upana wa milimita 300 na kuchora juu yake mamia ya chipu zinazofanana. Uchoraji huo ni wa vitu vidogo mno, kiasi kwamba kasoro ndogo kabisa huua kiini kizima. Chipu hupimwa moja moja. Zile zilizotoka bila dosari na zinazovumilia mapigo mengi kwa volteji ndogo hupewa jina la juu. Zenye kiini kibovu huzimwa kiini hicho na kuuzwa kwa jina la chini. Zisizoweza kupiga mapigo mengi hupewa mapigo machache.

Mfano mzuri ni Ryzen za mfululizo wa 5000, zilizotoka Novemba 2020. Kuna kipande kimoja cha silikoni chenye viini vinane, kilichotengenezwa Taiwan na kampuni ya TSMC. Kikiachwa kizima kinaitwa Ryzen 7 5800X, dola 449. Kikizimwa viini viwili kinaitwa Ryzen 5 5600X, dola 299. Vikiunganishwa vipande viwili vizima hupatikana Ryzen 9 5950X ya viini 16, dola 799. Mchoro ni ule ule mmoja.

Je, kila kiini kilichozimwa ni kibovu? Hapana. Kiwanda kikikomaa, chipu nzuri huwa nyingi kuliko wanunuzi wa daraja la juu, na soko la daraja la chini linangoja. Hapo chipu nzima hufungwa kwa makusudi. Intel walifanya hivyo tangu 1991 kwa 486SX, ambayo mwanzoni ilikuwa 486 kamili iliyozimwa sehemu ya hesabu za desimali. Aliyeitaka sehemu hiyo aliuziwa chipu ya nyongeza iitwayo 487SX, ambayo kwa kweli ilikuwa 486 nzima. Ukiichomeka, ile ya kwanza inalazwa isifanye kazi yoyote.

Mwaka 2009 wanunuzi wa Phenom II za AMD zenye viini viwili au vitatu waligundua kwamba kwa kubadili mpangilio mmoja kwenye ubao mkuu wangeweza kuamsha viini vilivyolazwa. Baadhi walipata viini vinne vilivyo hai, wengine wakapata mashine inayozima kila saa. Na mwaka 2010 Intel ilijaribu jambo ambalo sisi wa vocha za simu tungelielewa haraka: iliuza kwa dola 50 kadi yenye nambari ya siri, ukiingiza nambari hiyo Pentium G6951 yako inafunguliwa uwezo iliokuwa nao tangu siku ya kwanza. Watu walikasirika, na mwaka uliofuata mpango ukasitishwa. Sioni tofauti kubwa kati ya kadi ile na ufungaji wa kimyakimya, ila kadi iliweka wazi kinachoendelea.

Nanomita nazo zimekuwa majina tu. Zamani zilipima kitu halisi ndani ya transista. Siku hizi ni chapa ya kiwanda. Julai 2021 Intel ilichukua teknolojia yake ya nanomita 10 iliyoboreshwa na kuiita “Intel 7”. Kinachobaki kuwa kweli ni kwamba, ndani ya kampuni moja, teknolojia mpya kwa kawaida hubana transista nyingi zaidi na kutumia umeme kidogo kwa kazi ile ile.

Wakati mwingine hata jina kamili halitoshi. Ile Core i5-13400 niliyoitaja imeuzwa ikiwa na silikoni za aina mbili: nyingine imekatwa kutoka mchoro wa kizazi cha 12, nyingine kutoka mchoro wa kizazi cha 13. Jina ni moja.

Herufi ya mwisho, na tarehe moja

Kwa mnunuzi wa kawaida, herufi ya mwisho ina uzito kuliko anavyodhani. F kwenye prosesa ya Intel maana yake uwezo wa picha umezimwa. Ukiinunua bila kadi ya picha, kompyuta itawaka na kioo kitabaki cheusi, na utarudi dukani ukidhani umeuziwa mbovu. K ni ya wanaotaka kuongeza mapigo wenyewe. Asiyefanya hivyo analipia asichokitumia.

T ni ya umeme mdogo, na iko ndani ya zile kompyuta ndogo za mezani zinazopendwa sasa. Core i5-8500 ina mapigo ya msingi ya gigahezi 3.0 na imepangiwa wati 65. Core i5-8500T ina viini sita vile vile, mapigo ya msingi 2.1, na wati 35. Kwa saluni ya intaneti au maabara ya shule inayonunua umeme kwa tokeni, LUKU au Cash Power, T mara nyingi ndiyo chaguo la busara, mradi bei yake isiwe ile ya kaka yake.

Na kuna tarehe. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 kwa prosesa za Intel inakubali rasmi kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache mno za kizazi cha 7. Hivyo i3-8100 inapita mlangoni, na i7-7700 yenye cheo kikubwa inaachwa nje. Hii ndiyo sababu mojawapo ofisi za nchi tajiri zinaziondoa mashine za kizazi cha 6 na cha 7, na zinazidi kuonekana kwenye rafu zetu. Si takataka: kwa Linux zitafanya kazi miaka mingi. Lakini shule inayolipa bei ya “i7” kwa mashine 20, kisha ikaambiwa hazipokei Windows mpya, imelipa fedha za wazazi kwa kibandiko.

Kibandiko chenyewe hubandikwa na kubanduliwa. Mwambie muuzaji aiwashe mashine, bonyeza kitufe cha Windows, andika msinfo32 na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Mstari wa prosesa utataja jina kamili, mapigo na idadi ya viini. Muuzaji mwaminifu hatakataa, na wengi wao hata kuuliza hawajawahi kuulizwa.

Uangalifu huo utahitajika zaidi siku zijazo. Oktoba 2024 Intel ilitoa prosesa za mezani zisizo na ile “i”: Core Ultra 5, 7 na 9. Viini vyake vinatengenezwa na TSMC ya Taiwan, ile ile inayomtengenezea AMD, na kila kiini kina uzi mmoja tu wa kazi badala ya viwili. Core Ultra 9 285K ina viini 24 na nyuzi 24. Nambari zake zimeanza upya kwenye 200, kwa hiyo 285 sasa ni mpya kuliko 14900.